Daftari la Chini ya Godoro

Mama mpendwa, je, umewahi kutandika kitanda cha mwanao ukakuta daftari la siri? Sisi tulilikuta. Mwanetu wa miaka 11 alilelewa na bibi yake kijijini Meatu, kisha tukamhamishia kwetu Bariadi mjini kuanza darasa la tano. Alikuwa ameandika hivi:

“Jumatatu. Viatu ni vya kaka. Mbele nimeshindilia pamba. Hapa Simiyu pamba haikosekani, kilichopungua ni miguu.

Jumanne. Nimemwamkia mwalimu ‘Mwangaluka’ badala ya ‘Shikamoo’. Darasa zima limecheka. Sasa Mwangaluka ndilo jina langu, na sikulipa hata senti.

Jumatano. Mapumziko nimekaa na mwembe. Mwembe haucheki.”

Tulicheka mpaka machozi. Jioni tukawasomea wageni, nao wakacheka. Kumbe mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake daftari halikuonekana, na kwa wiki mbili hakutuambia neno lolote la shule. Shuleni alichekwa, na nyumbani tukamcheka.

Mama mwenzetu, watoto wa umri huu huficha aibu yao ndani ya mzaha. Mwaka 2007 Jeff Kinney wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Diary of a Wimpy Kid, hadithi ya kuchekesha iliyoandikwa kama daftari la mvulana Greg anayehangaika kukubalika shuleni. Watoto wa nchi nyingi wamekipenda, maana kila mmoja anajiona humo. Nasi tuliguswa na jambo moja: daftari lile Greg alinunuliwa na mama yake.

Basi tulimwomba mtoto radhi, tena mbele ya ndugu zake. Tukamnunulia daftari jipya na kumwahidi kwamba hatutalifungua. Tukamweleza kwamba Mwangaluka ni salamu ya heshima ya bibi yake, si tusi. Kisha tukaenda kimya kimya kuzungumza na mwalimu wake.

Mwezi ulipita. Jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele, alikuja mwenyewe akatusomea ukurasa mmoja:

“Ijumaa. Mwembe umepata mgeni mwingine. Yeye wanamcheka masikio. Tumegawana michembe. Amesema jina langu ni zuri kuliko masikio yake.”

Safari hii tulicheka naye. Mama, ukilikuta daftari la mwanao, lirudishe chini ya godoro. Siku moja atakusomea mwenyewe.