Anayeketi Nyuma Ndiye Ajuaye



Tumeletewa barua na dada yetu mmoja wa Voi, ambaye mumewe yuko kazini ng'ambo, naye ameachiwa gari la nyumba, Toyota kuukuu iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 200,000. Kila asubuhi huwapeleka shuleni watoto watano, watatu wake na wawili wa jirani, na kila baada ya wiki mbili hupanda Wundanyi kumtazama mamake, ambaye ni mgonjwa. Fundi amemwambia kwamba shokapu zote nne zimekwisha, azibadilishe. Shemeji yake amemwambia kwamba fundi anatafuta hela tu, gari lingali zima, angoje mpaka mwezi wa nne. Karo ya muhula nayo imekaribia. Dada anauliza: amsikilize nani?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona ukurasa huu, ambao aghalabu huzungumzia malezi na mambo ya nyumba, ukiingia gereji. Lakini gari linalobeba watoto ni sehemu ya nyumba. Isitoshe, sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili hili, na tukinyamaza tutakuwa tumemficha dada yetu kile tulichojifunza kwa hofu kubwa.

Kwanza tuijue kazi ya kitu chenyewe. Wengi hudhani kuwa shokapu, au shoki kama wasemavyo vijana wa gereji, ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Na springi ina tabia moja: ukiikandamiza kisha ukaiachia, haitulii pale pale, bali hurukaruka mpaka nguvu yake iishe. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ni mrija wa chuma uliojaa mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, mafuta husukumwa yapite katika vitundu hivyo, na ule uzito wa kupita ndio unaoumeza mruko na kuugeuza kuwa joto. Mafuta yakivuja, au pistoni ikilika, springi hubaki peke yake na tabia yake ya kurukaruka.

Basi msidhani kwamba shokapu imewekwa kwa ajili ya starehe ya makalio. Kazi yake kubwa ni kulishika gurudumu lisiachane na barabara. Gurudumu lililo hewani, hata kwa nukta moja, halisimami kwa breki wala halifuati usukani. Ndiyo maana gari lenye shokapu mbovu huchukua masafa marefu zaidi kusimama katika njia yenye mabonde, ingawa breki zake ni mpya.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na gari dogo tukilitumia kwenda kusomesha Mwatate na Wundanyi. Tulipopanda na familia, kiti cha mbele kilikuwa cha mama yetu mzazi, na mwenzetu wa nyumbani aliketi nyuma na watoto. Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Baba, gari hili siku hizi laelea kama mashua." Tukamjibu kwamba njia ya mlima ndivyo ilivyo. Baada ya mwezi alianza kuchukua bakuli kila safari, kwa sababu watoto walikuwa wakitapika kabla ya kufika juu. Tukasema watoto wamekula maembe mengi. Alirudia tena na tena, kwa adabu, na kila mara tulikuwa na jibu. Sisi ndio tulioshika usukani, na katika nafsi zetu tulijiona kuwa sisi ndio tunaolijua gari.

Siku moja tulikuwa tukiteremka kutoka Wundanyi baada ya Alasiri, manyunyu yameanza. Wanaoijua njia ile wanajua kona zake: mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili bonde lenye migomba hadi chini. Katika kona moja mbuzi wawili walitokea, nasi tukakanyaga breki. Pua ya gari iliinama kama mtu anayerukuu, nyuma ikawa nyepesi, na pale palipokuwa na kiraka cha lami kilichochakaa mkia wa gari ukahama kuelekea bondeni. Tulisimama gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia, hata wale mbuzi. Mwenzetu hakusema neno lolote kutoka pale hadi Mwatate, na kimya chake kilituingia kuliko maneno yote aliyokuwa ameyasema kwa miezi mitano.

Kesho yake fundi mmoja wa Voi aliinamia pembe ya nyuma ya gari, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. Kisha akatuita tuchungulie chini: shokapu mbili za nyuma zilikuwa zimevaa tope jeusi, vumbi lililoganda juu ya mafuta. "Ustadhi," akatuambia, "hizi hazikufa jana."

Neno hilo ndilo tunalotaka dada yetu alishike kabla ya jingine. Shokapu haifi kwa kishindo. Hupungua kidogo kidogo, na dereva hupungua nayo bila kujua: leo anauongeza usukani kwa upana wa kidole, kesho anapunguza mwendo kabla ya tuta, mwili wake unaiona kona kabla haijafika na unajikaza. Baada ya mwaka anaapa kwamba gari halijabadilika. Aliyeketi nyuma hana usukani wa kushikilia wala haioni kona mapema. Kila kinachotokea humfikia kama kilivyo. Sisi tuliokaa miaka mingi katika mlango wa ushahidi tulipaswa kujua kwamba shahidi aliyeliona jambo hukubaliwa kabla ya yule anayelidhania. Tulimkataa shahidi tuliyekuwa naye nyumbani.

Kwa hiyo dada, swali la kwanza usimuulize fundi wala shemeji. Waulize watoto. Je, siku hizi wanatapika njiani? Je, yule mkubwa hujishika kiti mkivuka matuta? Kisha fanya ule mtihani wa kukandamiza, wewe mwenyewe, katika kila pembe. Gari zima litapanda mara moja na kutulia. Likiyumba mara mbili au tatu, shokapu ya pembe hiyo imechoka. Lakini ujue kwamba mtihani huu hushitaki vizuri kuliko unavyosafisha: gari lenye springi ngumu laweza kutulia mkononi na bado likayumba barabarani. Tazama na tairi. Tairi iliyolika sawasawa ni jambo la umri, lakini tairi iliyolika kwa mabaka, hapa bonde na hapa kilima ukiipapasa, mara nyingi yasema kwamba gurudumu limekuwa likidunda. Na unapokwenda Mombasa ukapishana na lori kubwa pale Maungu au Mackinnon Road, angalia: upepo wake ukilisukuma gari, je, linarudi mara moja au linaendelea kuyumba?

Mlio usikuhadae. Watu wengi husikia kugonga chini ya gari na kukimbilia kununua shokapu, kumbe ni bushi iliyokauka au boljointi. Na shokapu iliyokufa kabisa huenda isitoe mlio wowote.

Kuhusu umri, kipimo kinachotajwa sana ni kilomita 80,000 hivi, shokapu zikaguliwe. Kipimo hicho si hukumu. Lami ya Voi hadi Mwatate haiwezi kulinganishwa na njia ya udongo ya Kasigau, iliyojikunja kama bati, ambako gurudumu hupanda na kushuka mara nyingi ajabu katika kila kilomita. Na yafaa tukumbuke kwamba Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyokwisha tumika ambayo hayajapita miaka 8. Gari kama hilo likikaa kwetu miaka 12 limefikia miaka 20, na mara nyingi hakuna ajuaye kama shokapu zake zimewahi kubadilishwa.

Sasa barua yenyewe. Dada ameeleza kwamba fundi alimwonyesha shokapu mbili za mbele zimelowa mafuta, na tairi za mbele zina mabaka. Za nyuma alizikuta kavu, ila kuna kugonga wakati wa kuvuka matuta. Kwa maelezo hayo twaona kwamba fundi amesema kweli nusu, na shemeji naye hakukosa yote. Za mbele zimekwisha. Unyevu mwembamba juu ya shokapu si kitu cha kuogofya, lakini mafuta yanayoshuka hadi chini hayana tafsiri nyingine. Hizo zibadilishwe, na zote mbili pamoja, hata kama moja yaonekana afadhali, kwa maana gari lenye shokapu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili halishiki njia sawasawa. Za nyuma zikaguliwe kwa mkono. Ule mgongo huenda ni bushi, ambayo bei yake ni ndogo. Gharama inayomtisha dada yaweza kupungua karibu nusu.

Na kungoja mpaka mwezi wa nne? Hapa hatukubaliani na shemeji, ila kuna njia ya katikati. Kama fedha haipo kabisa wiki hii, basi lisipande mlima. Kwenda Wundanyi panda matatu. Mama mgonjwa atakuona vile vile. Mjini Voi endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele, na usibebe mtu zaidi. Wale watoto wawili wa jirani ni amana, na amana haibebwi kwa kubahatisha. Mweleze mama yao hali ya gari kama ilivyo. Huenda akakuchangia; na akichagua kuwapeleka mwenyewe kwa miguu mpaka gari lipone, hiyo ni haki yake.

Shemeji ametaja pia wazo la kuliuza gari kama lilivyo, likiwa limeoshwa. Kuuza ni halali. Lakini aibu ya bidhaa anayoijua muuzaji humlazimu aiseme, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Atakayenunua gari hilo naye ana watoto.

Katika kununua, tahadhari na mambo matatu yaliyoenea katika gereji zetu. Lipo la kutobolewa shokapu, ikajazwa mafuta na kuchomelewa. Itakaa wiki chache. Lipo la kutiwa mipira kati ya mizunguko ya springi. Gari litainuka na kupendeza, lakini mpira hautulizi mruko, waufanya mkali zaidi. Na zipo za mtumba, zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa. Hatusemi zote ni mbovu. Twasema kwamba hujui zimetembea wapi, na kazi ya kuzifunga ni ile ile utakayolipia tena zikikataa. Kama fedha ni kidogo, heri mpya mbili za mbele kuliko mtumba nne.

Jambo moja la usalama: katika magari mengi ya aina hiyo, shokapu ya mbele imeshikana na springi iliyokandamizwa kwa nguvu nyingi. Isifunguliwe na kijana asiye na vibano vyake maalumu. Springi ikifyatuka yaweza kuua, na watoto wasicheze karibu.

Kazi ikiisha, usiondoke upesi. Mwambie fundi akupe zile kuukuu. Zisimamishe chini, ukandamize ule mti wa chuma, uuvute juu. Ukienda kama sindano ya daktari isiyo na dawa, hukudanganywa. Ukishindana nawe sawasawa kwenda na kurudi, muulize kwa nini ameitoa. Kisha gari lipelekwe kupimwa alaimenti, maana kufungua mbele hulegeza mpangilio wa magurudumu, na tairi ulizozihurumia zitalika upya. Hapo mketishe nyuma yule mtoto mkubwa, nendeni hadi Mwatate na kurudi, na mkifika nyumbani umuulize yeye.

Wabillahi tawfiq.