Tusihesabu sahani, tuhesabu waliorudi darasani

Mjadala kuhusu watoto wanaorandaranda mitaani jijini Nairobi una desturi ya kuzuka ghafla na kuzimika ghafla. Huzuka mpita njia anaponyang'anywa kipochi, au mkutano mkubwa wa kimataifa unapokaribia na wakuu wa jiji wakatamani barabara zionekane safi machoni pa wageni. Huzimika mara tu watoto hao wanapoondolewa machoni petu, hata kama hawakupelekwa popote pa maana.

Katika mjadala huo pande mbili husikika zaidi. Upande wa kwanza hushikilia kwamba watoto hao ni wahalifu, hivyo wasombwe na kufungiwa. Upande wa pili husema ni malaika waliokosewa, hivyo wahurumiwe, walishwe na kuvishwa. Kwa maoni yangu, pande hizi zina kasoro moja inayofanana, licha ya kuzozana kwao. Zote mbili humtazama mtoto akiwa tayari yuko mtaani. Hakuna unaouliza alitoka wapi, wala atakwenda wapi baada ya kusombwa au baada ya kulishwa. Ndiyo maana nataka leo tuyatazame mashirika ya hisani yanayowashughulikia watoto hawa, na tujiulize yafaa kupimwa kwa kipimo gani.

Tuanze na majina, kwa kuwa jina humfunza mtu namna ya kumtazama mwenzake. Mtoto wa mitaani tumezoea kumwita chokoraa. Neno hilo lina uhusiano na kitenzi kuchokora, yaani kuchokoachokoa kwa kijiti au kwa kidole, kama afanyavyo mtu anayetafuta kitu katika takataka. Kwa hivyo mtoto huyo hatukumpa jina la mzazi wake, wala la kijiji chake. Tulimpa jina la kile anachokitenda pipani. Waliotaka kumsaidia walichagua neno jingine kabisa la Kiswahili wakaliweka juu ya mlango wao: undugu.

Shirika la Undugu lilianzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1973 na Padri Arnold Grol, mmishonari Mkatoliki kutoka Uholanzi. Enzi hizo watoto wa mitaani walijulikana zaidi kwa kazi ya kuwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha, na kuyalinda magari hayo kwa matumaini ya kupewa senti kadhaa. Kulikuwa na njia rahisi ya kuwasaidia, nayo ni kujenga jumba kubwa, kuwaingiza humo, kisha kulifunga lango. Jambo la kukumbukwa katika historia ya shirika hilo ni kwamba halikuridhika na njia hiyo.

Wafanyakazi wake waliwafuata watoto mahali walipokuwa, wakajifunza ratiba yao, kazi yao na hofu zao. Walikuta miongoni mwao watoto waliokuwa wakiokota vyuma kuukuu na kuviuza ili wapate chakula cha siku. Hawakuwashurutisha waiache kazi hiyo kwanza ndipo wafundishwe kusoma. Waliwapangia masomo ya kuandika na kuhesabu kwa kufuatana na kazi yao, na masomo hayo yakaitwa Machuma. Aidha, shirika lilianzisha mpango wa elimu ya msingi ambao uliufupisha mtaala ili kijana aliyeikosa shule apate yaliyo muhimu kwa miaka michache, kisha ajifunze kazi ya mikono. Wengine walikabidhiwa kwa mafundi wa jua kali wakajifunza useremala, ufundi wa vyuma au ushonaji papo hapo kazini. Hali kadhalika shirika lilifanya kazi katika mitaa ya mabanda kama Mathare na Pumwani, kwa kuwa lilitambua kwamba huko ndiko watoto walikokuwa wakitoka.

Simulizi hii si ya kulisifu shirika moja tu. Waama, nalo lilikuwa na udhaifu wake, na mkubwa ulikuwa kutegemea mno fedha za wafadhili wa ng'ambo, jambo linalowiana na hali ya mashirika mengi ya aina yake. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba lilielewa mapema siri iliyotushinda wengi wetu: mtoto wa mitaani hana njaa tu. Mtoto huyo amekatikiwa na uzi uliomuunganisha na mzazi, na jirani na mwalimu. Sahani ya chakula humwezesha kuamka kesho akiwa hai, na hilo si dogo. Lakini sahani hiyo haiuungi uzi huo.

Uzi huo hukatwa na nini? Yapo mambo ya nyumbani, kama vile ulevi, mapigo na vifo vya wazazi. Hata hivyo, yapo pia maamuzi ya watu wazima walioketi mbali kabisa na mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sera ya kugawana gharama iliwatwika wazazi mzigo mzito wa karo na michango ya shule. Mapigano ya kikabila yaliyozuka mwaka wa 1991 yalizing'oa familia nyingi kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, uliwaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya wasio na nguvu. Si ajabu basi kwamba idadi ya watoto mitaani iliongezeka sana katika miaka hiyo.

Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mnamo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Takwimu hizo zatufunza kwamba watoto zaidi ya milioni moja hawakuwa nje ya shule kwa utundu wao. Walikuwa nje kwa sababu ya pesa. Mwaka uo huo uliundwa mfuko wa fedha wa kitaifa wa kuzirekebisha familia za mitaani, na vijana kadhaa wakatolewa barabarani na kupelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa ili wafunzwe kazi. Hata hivyo tatizo halikwisha. Hesabu ya kitaifa iliyofanywa mwaka wa 2018 iliwapata watu 46,639 wakiishi mitaani nchini, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Ikumbukwe kwamba hao hawakuwa watoto pekee. Walikuwamo watu wazima waliokulia barabarani, wakapata watoto wao huko huko.

Wanaopendekeza mabavu yatupasa kuwauliza mabavu yameleta nini. Hadi mwaka wa 1997, sheria ya uzururaji ilimfanya mtu kuwa mkosaji kwa kukosa tu makazi na kazi. Mwaka uo huo, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi watoto wa mitaani wa Kenya walivyopigwa na polisi na kuwekwa rumande pamoja na watu wazima. Sheria hiyo ilifutwa, lakini fikira iliyoizaa haikufutwa. Mnamo Februari 2019 ziliripotiwa habari za kusikitisha kwamba watoto na vijana wa mitaani walisombwa usiku mjini Nakuru na kutupwa karibu na msitu wa Chemasusu katika Kaunti ya Baringo. Mtoto aliyetupwa msituni amehamishwa tu, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuitafuta barabara ya kumrudisha mjini.

Sasa tuyageukie mashirika yenyewe. Nchi hii ina mashirika mengi ya hisani, na wengi wa watumishi wake wanajitolea kwa moyo safi. Lakini fedha nazo zina tabia yake. Mfadhili hupenda kuona alichokinunua. Bweni lina ukuta unaoweza kubandikwa kibao chenye jina lake, na watoto waliovaa sare mpya hupendeza pichani. Nauli ya mfanyakazi anayepanda matatu kwenda Murang'a au Machakos mara nne kwa mwaka, ili aone kama mtoto aliyerejeshwa kwa shangazi yake bado anakwenda shule, haina mahali pa kubandikwa kibao. Kwa hiyo mabweni huongezeka huku nauli ikikosekana. Mtoto hukaa ndani ya makao miaka kumi, akalishwa na kusomeshwa vyema, kisha anapotimiza miaka 18 huonyeshwa lango. Nyuma yake hana jamaa anayemjua, na mbele yake hana kazi. Huyo naye tumemtoa mtaani au tumemchelewesha tu asirudi huko?

Swali hilo sasa si la kinadharia. Serikali ilizindua mwaka wa 2022 mkakati wa kitaifa wa kuleta mageuzi katika malezi ya watoto, unaokusudiwa kutekelezwa hadi mwaka wa 2032. Shabaha yake ni kuwaondoa watoto katika makao hatua kwa hatua na kuwarejesha katika familia na jamii. Sheria ya Watoto ya mwaka uo huo wa 2022 pia inaipa familia nafasi ya kwanza katika malezi. Mimi naunga mkono shabaha hiyo. Lakini natahadharisha kwamba familia anayorejeshwa mtoto ndiyo ile ile iliyoshindwa kumweka. Akirejeshwa bila maandalizi, na pasiwe na mtu wa kumtembelea wala shule ya kumpokea, atakuwa barabarani tena kabla ya muhula kwisha.

Hapo ndipo sisi walimu tunapoingia, tupende tusipende. Ni nadra mtoto kuhamia mtaani kwa siku moja. Aghalabu huanza kwa kukosa shule Ijumaa, siku ya soko. Kisha hukosa Jumatatu pia. Hulala nje usiku mmoja akarudi, halafu usiku wa pili harudi. Hatua hizo zote zimo katika daftari la mahudhurio, nasi ndio tunaoweka alama ndani yake. Shirika la hisani humkuta mtoto akiwa na chupa ya gundi kwenye kituo cha basi. Mwalimu alimwona miezi mingi kabla, akiwa na sare iliyochanika na macho yanayosinzia.

Tena kumrudisha ni kugumu kuliko kumzuia asiondoke. Mvulana wa miaka 14 anayeketishwa na watoto wa miaka minane huona haya, akatoroka. Mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa NEMIS ulipoanzishwa mwaka wa 2017, cheti cha kuzaliwa kilikuwa ndicho ufunguo wa kusajiliwa, nacho ndicho kitu ambacho mtoto wa mitaani hana. Zaidi ya hayo, siku ya kwanza uwanjani wenzake humwita lile jina la pipani. Haya matatu hayahitaji mfadhili wa ng'ambo. La kwanza lahitaji darasa la kumwandaa kabla ya kuingia shule ya kawaida, kama lilivyofanya Shirika la Undugu kwa mtaala wake mfupi. La pili lahitaji mwalimu mkuu, chifu na afisa wa watoto waketi pamoja asubuhi moja. La tatu lahitaji neno la mwalimu wa darasa, na nidhamu ya kulisimamia.

Najua atakayenijibu kwamba mwalimu tayari amelemewa, kwamba darasa lina wanafunzi 70 na mshahara hautoshi. Hayo ni kweli tupu, na chama cha walimu kina haki ya kuyapigania. Sisemi mwalimu awe mzazi wa kila yatima. Ninasema kwamba kuna habari ambayo mwalimu peke yake ndiye aliye nayo mapema, na kwamba akiifikisha kwa mzazi, kwa chifu au kwa shirika lililo karibu, amefanya kazi ambayo bweni la mamilioni ya shilingi haliwezi kuifanya baadaye. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na lishe, makao na huduma za afya. Neno "kila" halikumwacha nje mtoto aliyelala chini ya kibanda.

Nanyi wanafunzi wa vyuo na shule za upili, ambao kila Krismasi huchanga nguo na unga mkavipeleka katika makao ya watoto, endeleeni na moyo huo. Lakini mkifika huko msiridhike na kupigwa picha na kuimbiwa nyimbo za shukrani. Ulizeni maswali matatu kwa adabu. Je, ni watoto wangapi waliorejeshwa kwa jamaa zao mwaka uliopita? Ni wangapi kati yao ambao bado wako shuleni? Na ni nani huwatembelea? Shirika lenye majibu, hata kama jengo lake ni la mabati, listahili mchango wenu wa mwaka mzima. Lile linalojibu kwa kutaja idadi ya sahani na vitanda pekee, lielezwe kwa upole kwamba bado halijaanza kazi yenyewe.