Nani Atampokea Mbwa Mwenye Kifafa?

Mama mmoja wa Bukavu anatuuliza: mbwa aliyemwokota sokoni ana kifafa, naye mama anahamia kwa mwanawe, hawezi kwenda naye. Ampe nani?

Kwanza, mama, usimfiche mpokeaji ugonjwa huo. Watu wengi wakimwona mbwa ameanguka, anatetemeka na kutoa povu, hudhani ni kichaa cha mbwa, nao hushika fimbo. Kifafa hakiambukizi. Kichaa cha mbwa huambukiza kwa mate, na mtu akiisha kuonyesha dalili zake ni nadra sana kupona. Kwa hiyo daktari wa wanyama amtazame vema na kumchanja, na karatasi ya chanjo ifuatane naye.

Dawa yake, fenobarbitali, hutolewa asubuhi na jioni, mara nyingi maisha yote. Kuikatiza ghafula kwaweza kumletea kifafa kikali. Basi usitazame ukubwa wa uwanja wala utamu wa maneno. Tazama kama nyumbani humo yupo mtu wa kukaa jioni zote, tena mwenye uwezo wa kununua dawa mwezi kwa mwezi. Mjane mwenye saa ukutani atafaa kuliko tajiri wa safari nyingi.

Watoto wa nyumba ile waambiwe: mbwa akishikwa, wasitie mkono kinywani mwake; waondoe viti na vyungu, wangoje atulie. Kifafa kikipita dakika 5, daktari aitwe upesi.

Nawe, mama, mpelekee dawa za mwezi wa kwanza.