Mahindi Yanayokosa Pumzi

Mvua ikizidi, mahindi yaliyosimama majini hugeuka manjano, na mkulima hushangaa: mmea una maji tele, mbona wafa? Wengine huongeza mbolea, wakidhani ardhi imechoka. Fedha hiyo yapotea bure. Ukweli ni kwamba mizizi nayo hupumua. Udongo mwema una nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na oksijeni huingia humo bila kusukumwa na kitu: chembe zake hutangatanga zenyewe, na hivyo huenea kutoka palipo na nyingi hadi palipo na chache. Maji yakijaza nafasi hizo, oksijeni huenea polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mizizi humaliza upesi ile iliyobaki, kisha hushindwa hata kunywa maji yaliyoizunguka. Mahindi machanga, yasiyotimiza majani sita, huweza kufa kwa siku mbili hadi nne, na upesi zaidi penye joto. Mpunga hustahimili, kwani una vijia vya hewa tangu majani hadi mizizi. Kwa shamba la mahindi bondeni, mfereji huchimbwa kabla ya masika. Ukingojea majani yageuke rangi, mizizi imekwisha kudhurika.