Nyuzi mbili, sindano moja

Nina neno kwa wenzangu tunaofuma masweta ya shule kwa mashine za mkono. Kufuma nyuzi mbili kwa sindano moja si kuzisokota pamoja. Kila uzi hupita kwenye tundu lake, mmoja ukitangulia mwingine, kisha zote hunaswa na sindano ileile. Mmoja huonekana nje, mwenzake hukaa ndani. Soksi nyingi hufumwa hivyo: pamba au sufu huonekana, naironi au uzi unaovutika hujificha nyuma na kuzipa soksi nguvu.

Siri iko kwenye mvuto. Uzi mmoja ukilegea na mwingine ukikazwa, hubadilishana nafasi na rangi ya ndani hutokeza nje kama madoa. Chagua nyuzi nyembamba, maana sindano inabeba mbili kwa mpigo, na ulegeze kipimo cha kufuma kidogo. Jambo la mwisho, tafadhali usianze na sweta la mteja. Fuma kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja, kivute, kifue, kikauke, ndipo uanze kazi yenyewe.