Nyota za friji na bei ya tokeni

Jumapili hii tuketi jikoni kidogo, tuzungumze juu ya ugomvi ulioletwa na friji.

Rafiki yangu mmoja anaishi katika nyumba za ghorofa za Soweto East, Kibera, zile nyumba 822 ambazo serikali iliwakabidhi wakazi mwaka wa 2016 katika mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda. Chumba kimoja amempangisha mama muuza samaki, na wote wawili hutumia mita moja ya tokeni. Walikuwa wakichanga nusu kwa nusu bila maneno. Kisha mama huyo akanunua friji ya mitumba. Mwezi wa kwanza tokeni zikaisha tarehe 12. Mwezi wa pili hawakusalimiana.

Nilipoitwa kusuluhisha, nilikwenda na kalamu na karatasi. Nyuma ya friji kulikuwa na kibamba kilichoandikwa wati 150. Sasa, mota ya friji hailii mchana kutwa na usiku kucha. Ubaridi ukitosha hunyamaza. Lakini hii, kwa uzee wake na mpira wa mlango uliochanika, ilikuwa ikilia karibu nusu ya siku. Fanya hesabu nami: wati 150 mara saa 12 ni 1,800. Gawanya kwa 1,000, unapata uniti 1.8 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 54. Taa, televisheni, pasi na simu za nyumba nzima hazikuwa zimepita uniti 28!

Ubaya hauishii hapo. Kwa viwango vilivyotangazwa Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi iliwekwa katika bei ya chini kabisa. Kutoka hapo hadi 100 bei ikapanda, na baada ya 100 ikapanda tena. Ukivuka mpaka, hata balbu iliyokuwa ikiwaka tangu zamani huanza kulipiwa bei ya juu. Ndiyo maana rafiki yangu aliona kama ameibiwa, na kwa kweli sikumlaumu. Wala sikumlaumu mama wa samaki, kwa sababu samaki waliolala bila ubaridi hawana mnunuzi asubuhi. Huko nyuma katika nyumba za mabati wenye ploti wengi humaliza jambo hili kwa neno moja: hakuna friji. Si jibu kwa mtu mwenye biashara.

Je, mama huyo angejuaje kabla ya kutoa pesa zake? Hapa ndipo penye lebo ya nyota. Kanuni za serikali za mwaka wa 2016 zilitaka friji, viyoyozi na vyombo vingine kadhaa viuzwe vikiwa na lebo inayoonyesha jinsi vinavyotumia kawi, na msimamizi wake siku hizi ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Nyota ni kutoka 1 hadi 5. Nyota nyingi, stima kidogo.

Lakini ngoja, usikimbilie kuhesabu nyota. Nyota hupimwa kwa kuangalia ukubwa wa chombo. Friji kubwa kama kabati yaweza kupata nyota 5 na bado ikala stima kuliko friji ndogo ya nyota 3. Nyota zitakusaidia ukilinganisha friji mbili zenye lita sawa. Kinachogusa mkoba wako ni ile nambari ya uniti kwa mwaka, kWh. Ikiwa imeandikwa 220, gawanya kwa 12: uniti 18 hivi kwa mwezi. Toa hizo kwa 54 za friji ya mama, zinabaki 36. Chukua shilingi 25 kwa uniti, kwa hesabu rahisi, nazo ni shilingi 900 kila mwezi, yaani 10,800 kwa mwaka. Sasa uniambie friji ya mitumba ilikuwa rahisi kweli.

Wauzaji wa mitumba nao wana lebo zao. Utaonyeshwa karatasi ya Ulaya yenye herufi A na misalaba ya kujumlisha nyuma yake. Zile A za misalaba ni za mtindo wa zamani. Ulaya yenyewe ilianza kuziacha kwa friji mwaka wa 2021, ikarudi kwenye A hadi G. Tena herufi hiyo ilipewa friji ikiwa mpya. Wewe funga noti ya shilingi 50 kwenye mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, ubaridi nao unatoka hivyo hivyo.

Walio Mombasa wasinune, maana huko shida ni kiyoyozi. Sisi Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, tunafungua dirisha tu. Kwa kiyoyozi, gawanya wati za ubaridi kwa wati za stima. Cha ubaridi wa wati 3,500 kinachokula 1,250 kinapata 2.8, kinachokula 1,000 kinapata 3.5. Tofauti ni wati 250. Kikivuma saa 8 kila usiku, hizo ni uniti 2, na kwa mwezi ni 60, zaidi ya friji mbovu ya Soweto East!

Turudi huko. Friji haikuuzwa. Fundi alibadilisha mpira wa mlango, wakafunga mita ndogo kwenye waya wa chumba cha mama, kila mtu akajua chake. Wanasalimiana. Mama anaweka akiba ya friji mpya, na juzi alinipigia simu akiwa dukani.

“Mwanangu, moja ina nyota 4 imeandikwa 310, nyingine nyota 3 imeandikwa 240. Nichukue ya nyota nyingi?”

Nikamuuliza, je, samaki wake wanajaza ipi? Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia akimwambia muuzaji ampimie ile ndogo kwa beseni lake.