Si kila maumivu ni chango

Mpenzi msomaji, mwenzi wako akiingia kwenye siku zake anajikunja kitandani, anatapika, kazini haendi. Wewe unamwambiaje? "Mbona wenzio wanavumilia?"

Shoga yangu anafundisha Nachingwea, mumewe ni karani Ruangwa. Wanaonana wikiendi tu. Lakini kila Jumamosi bibie ana sababu: mara kichwa, mara madaftari ya kusahihisha. Bwana akaanza kuhisi ana mtu. Kumbe masikini, tendo la ndoa lilikuwa linamuuma mpaka machozi, akaona haya kusema. Huku mama mkwe anahesabu: mwaka wa tatu, mjukuu yuko wapi? Dawa za chango alikunywa mpaka akazichoka.

Sisi wa kusini unyago umetufunda mengi: kujisitiri, kuvumilia, kumtunza mume. Lakini maumivu ya kukuangusha chini si ya kuvumilia, ni ugonjwa.

Unaitwa endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, mirija ya uzazi, hata utumbo na kibofu. Huleta uvimbe na makovu, viungo vikagandana, na mimba ikawa ngumu kutunga. Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa. Si uchawi wala malipo ya ujana. Millen Magese, Miss Tanzania 2001, alijitokeza hadharani kusema anao. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume.

Ufanyeje basi?

Andika tarehe na maumivu yako: ya hedhi, ya faragha, ya chooni. Mpelekee daktari. Ultrasaundi ikiwa safi na bado unaumia, usikate tamaa, omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana, ila dawa za maumivu, za homoni na upasuaji huwapa wengi nafuu.

Na wewe kaka, usimwache aende peke yake. Yule bwana wa Ruangwa aliomba ruhusa kazini, akaingia na mkewe kwa daktari. Walipotoka alisema neno moja tu: "Nisamehe, mke wangu."

Tukutane mwezi ujao.